Mtani Kwenye Chumba cha Mishipa

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, Bi Chausiku wa Pugu alimtukana mwanawe kwa sababu ya chumvi. Alikuwa amemtuma dukani, kijana akakaa huko akipiga soga, na aliporudi mama akamwambia yeye ni mvivu kama baba yake, na kwamba siku akioa, mke atamkimbia kabla pilau haijapoa. Dakika chache baadaye mwiko wa kugeuzia maandazi ulimponyoka mkono wa kulia, mdomo ukaenda upande, na mama ambaye kazi yake ilikuwa kusema akashindwa kulitaja hata jina la mtoto aliyetoka kumtukana.

Nasema kazi yake ilikuwa kusema kwa sababu Bi Chausiku alikuwa kungwi. Pugu nzima, mpaka Chanika huko, mwali alifundwa na yeye. Nyimbo zote alikuwa nazo kichwani, maneno ya mkole, unyago wa wasichana, na ya harusi, maneno ambayo mwanamume kama mimi sitakiwi kuyajua na siyajui. Chukueni ulimi wa mtu kama huyo mkaufunge, hamjamwachia kitu.

Nawaandikia nyie vijana mnaoanza kazi kwenye chumba cha mishipa. Mimi nimestaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano, nakaa Mtoni, na asubuhi sina tena pa kukimbilia. Sikuwa daktari. Nilikuwa mpiga picha wa mionzi mwenye cheti, nikapelekwa chumba hicho kuendesha mashine, kisha nikakabidhiwa na vifaa. Mishipa ya ubongo hakuna aliyenifundisha darasani. Niliisoma kwenye zile karatasi nyembamba zilizokunjwa ndani ya maboksi ya vifaa, kamusi pembeni, nikiichora nyuma ya kalenda za zamani. Mke wangu alichoka. Aliniambia wageni wakiuliza ukutani pana nini, anawajibu ni mizizi ya muhogo.

Kwa hiyo kama kuna jambo hapa linafaa, chukueni. Kama daktari wenu anasema vingine, msikilizeni daktari.

Kiharusi alichopata Bi Chausiku ni kile cha donge. Donge dogo la damu husafiri, mara nyingi likitokea moyoni, hupanda shingoni, na likifika mahali mshipa unapokuwa mwembamba hugota. Ubongo ulio mbele ya hapo unakosa damu. Haufi wote kwa mara moja. Unakufa kutoka katikati kwenda pembeni, kama doa la mafuta linavyotambaa kwenye kitambaa. Zamani tulichoweza ni kumlaza mtu, kumgeuza asipate vidonda, na kuwafundisha ndugu namna ya kumlisha. Baadaye ikaja sindano ya kuyeyusha damu, na kwa donge kubwa sindano mara nyingi haitoshi. Kisha ikaja hii kazi yenyewe: unaingia na mrija mwembamba kutoka kinenani, unapanda nao ndani ya mishipa mpaka kichwani, unalinyonya donge au unalinasa kwa wavu wa waya, unalitoa. Mara ya kwanza nilipoona damu inarudi kwenye kioo cha mashine nilikaa chini. Nilikuwa nimevaa lile vazi la risasi la kuzuia mionzi, zito, watu wakadhani nimezidiwa na joto.

Lakini yote hayo hayana maana bila saa. Swali la kwanza si mgonjwa ameanza lini kuumwa. Ndugu watakujibu saa waliyomkuta chini, au watakujibu lolote ili waonekane walikuwa makini. Swali ni mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi. Na kuliuliza swali hilo, sijapata kuona mtu kama Sista Kabula.

Sista Kabula alikuwa muuguzi wetu mkuu wa chumba, Mnyamwezi wa Urambo, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu waliovuka mto. Asubuhi ile bajaji ilipomleta Bi Chausiku, mwanawe Shabani alikuwa naye, shati lote limelowa mafuta ya nyonyo kwa sababu jirani alishauri wamkande kwanza.

"Mama ameanza lini?" daktari wa mapokezi alikuwa ameuliza.

"Tangu jana," Shabani akajibu. "Jana usiku alilalamika kichwa."

Kama ni tangu jana usiku, hesabu yetu ingekuwa nyingine kabisa, na ngumu. Sista Kabula akamvuta kijana pembeni.

"Kichwa kinamuuma kila mtu. Mie kinaniuma tangu nilipoajiriwa. Nakuuliza hivi: mara ya mwisho kumsikia akiongea vizuri, lini?"

"Leo asubuhi. Alinitukana."

"Alikutukanaje?"

Shabani akatazama viatu. "Ni mama yangu, Sista."

"Sema. Sikuandikii cheti cha tabia njema, nataka maneno."

Akayasema, ya baba yake, ya mke na ya pilau.

"Yalitoka yote? Hakuna lililokwama?"

"Yalitoka yote, Sista. Yalitoka na ya akiba."

"Saa ngapi?"

Akatoa simu. Chumvi alikuwa ameilipia kwa simu soga lilipokwisha, na ujumbe wa malipo ulikuwa na saa yake. Kutoka dukani hadi jikoni kwa mama ni mwendo wa nyumba tatu. Sista Kabula aliisoma kwa sauti ili sote tuisikie, akaenda kumwambia Dokta Upendo. Ndipo mlango wetu ukafunguliwa.

Dokta Upendo ndiye aliyekuwa akifanya kazi hiyo. Nimefanya kazi na madaktari wengi wazuri, na wengine walikuwa na mikono ya haraka kuliko yake. Yeye alikuwa na mikono inayosikiliza. Alijifunza nje ya nchi, akarudi, na akakuta hatuna mgonjwa wa kujifunzia, kwa sababu mgonjwa si kitu cha kujifunzia. Basi tulitengeneza mishipa yetu wenyewe. Tulinunua mipira ya plastiki inayoonyesha ndani, ile ya mafundi wa matangi ya samaki, tukaipinda kwa maji ya moto ifanane na shingo na kichwa cha binadamu, nikiifuata michoro ya kalenda zangu. Madonge tulitengeneza kwa damu ya ng'ombe kutoka machinjioni, tukaiacha igande kwenye chupa ya jamu ndani ya friji.

Friji ile ilikuwa ya vipimo, lakini siku moja Sista Kabula alifungua akapiga kelele, "Nani kaweka mlenda wake humu? Na mlenda gani mwekundu?" Tukamweleza. Akaitazama ile chupa muda mrefu. "Basi andikeni. Kuna watu hapa wana njaa."

Jioni baada ya kazi Dokta Upendo alikaa na ile mipira. Aliingiza mrija, akanyonya, akavuta, akashindwa, akaanza tena. Alifumba macho. Nilimuuliza kwa nini. Alisema, "Kwenye kioo naona mrija ulipo. Sioni kama umelishika. Hilo nataka vidole viniambie." Nimewaona wengi wakitazama kioo. Yeye alitaka kujua kile ambacho kioo hakisemi, na alikuwa radhi kukaa na damu ya ng'ombe mpaka akijue.

Hapo nami nilijifunza mambo ambayo karatasi za maboksi huyataja kwa mstari mmoja tu. Waya usiufute kwa kitambaa kikavu. Uzi mmoja wa pamba ukishika juu yake, umeupeleka kichwani kwa mtu. Kila mrija ujazwe maji ya chumvi mpaka povu la mwisho litoke, ugongegonge kwa kucha, utazame kwenye mwanga, halafu utazame tena, kwa sababu povu moja ni kiharusi kingine na hiki utakuwa umekileta wewe. Vazi la risasi litundike, usilikunje. Na boksi usilifungue kwa kubashiri.

Hili la mwisho lilitugharimu. Miaka ya mwanzo tulitaka kuonekana wepesi. Daktari akikunja uso tu, sisi tumeshachana boksi tunalodhani atalitaka. Kuna siku tulibashiri vibaya mara mbili kwa mgonjwa mmoja, na kifaa kikishatoka kwenye ganda lake hakirudi. Kinatumika au kinatupwa. Tangu hapo tukaweka utaratibu. Mwenye vifaa anasoma kwa sauti jina, kipimo na tarehe ya mwisho wa matumizi, anashika boksi mkononi, anangoja. Daktari akisema "fungua" mara ya kwanza, unaweka kidole kwenye mshono. Akisema mara ya pili, unachana. Kati ya neno la kwanza na la pili hupita pumzi moja tu, na pumzi hiyo ina kazi.

Turudi kwa Bi Chausiku. Picha ya kichwa ilionyesha hakuna damu iliyomwagika ndani, na picha ya mishipa ilionyesha tawi kubwa la kushoto limekatika kama limefyekwa kwa panga. Upande huo ndiko maneno yanakokaa, na ndiko mkono wa kulia unakotawaliwa. Yeye mwenyewe alilala kwenye machela ukumbini, macho wazi, mkono wa kushoto ukivuta shuka. Ilibaki sahihi ya ndugu, na mtu wa kudhamini gharama, kwa sababu hakuwa na bima na vifaa vile havikuwa vya bure. Rafu yetu ilijazwa na malipo ya aliyetangulia. Asipolipa huyu, anayefuata atakuta rafu tupu.

Shabani alishika kalamu, akaiweka chini.

"Namngoja mjomba," akasema. "Yeye ndiye mwenye neno."

Nyie mliozaliwa kwenye nyumba za kupanga mnaweza kushangaa. Kijana ni mtu mzima, mama ni wake, sheria inamruhusu. Lakini katika nyumba ile anayeweka sahihi si anayeamua, na ukilazimisha sahihi bila uamuzi, umeacha ugomvi ambao mgonjwa ataukuta akipona. Sista Kabula hakumlazimisha. Alimuuliza tu mjomba yuko wapi, na mjomba alikuwa anapanda ngazi.

Mzee Kondo, kaka mkubwa wa Bi Chausiku, alikuwa mrefu, amevaa kofia ya kiua na koti juu ya kanzu. Alimtazama dada yake, akamshika mguu juu ya shuka, akatikisa kichwa. Kisha akamsikiliza Dokta Upendo bila kumkatiza, jambo ambalo hata maprofesa hawaliwezi, na akauliza swali ambalo ningetamani kila ndugu aliulize.

"Daktari, mkilitoa hilo donge, dada yangu ataongea?"

"Mzee, sijui."

"Hujui?"

"Najua tusipolitoa, hataongea, na huenda tukampoteza kabisa. Tukilitoa, tumempa nafasi. Zaidi ya hapo nikikuahidi, nitakuwa nakudanganya."

Dokta Upendo alijibu hivyo kwa sababu miezi michache kabla tulikuwa na fundi bomba wa Mbagala. Aliwahi mapema, mshipa ulifunguka vizuri mno, picha ilikuwa ya kutundika ukutani, na yeye hakuamka. Mmoja wetu alikuwa ameshatoka nje kuwaambia ndugu wajiandae kushangilia. Tangu siku ile hakuna aliyetoka nje na habari njema kabla ya mgonjwa mwenyewe kuitoa.

Mzee Kondo akauliza bei. Akaambiwa. Akaivua kofia, akaitazama ndani kama vile kuna kitu humo.

"Fedha hiyo sina," akasema. "Tuna shamba Pugu, na madalali wanalipigia simu kila siku. Lakini lile ndilo lenye makaburi ya baba na mama. Si langu peke yangu. Nimeshawaita ndugu wa Kisarawe. Wanakuja, tutakaa kikao, na jioni tutawapa jibu."

Alisema hivyo kwa heshima na kwa haki. Na jioni, kwa kichwa kile kilicholala pale, ilikuwa sawa na mwaka ujao. Dokta Upendo akaeleza tena, kwa upole, akatumia mfano wa shamba lisilopata maji. Mzee akaitikia kila neno, akarudi palepale: ndugu waje, tukae. Sisi wote tulimwona anayumba, na hakuna aliyejua mahali pa kusukuma. Mgeni hawezi kumwambia mzee wa watu kwamba dada yake anakufa. Ndugu hawezi pia; atahesabiwa kuwa amemtabiria.

Ndipo Sista Kabula akaja na kupiga goti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

"Nyie wa Pugu, ni Wazaramo wa damu au wa kupanga?"

"Wa damu. Kwani vipi?"

"Mie Mnyamwezi."

Mzee Kondo akamtazama kuanzia kofia ya uuguzi mpaka viatu. "Haya," akasema taratibu. "Tumekwisha."

Sista Kabula akaketi sakafuni katikati ya ukumbi, akavua viatu, akaweka mikono kichwani, akaangua kilio.

"Uwii! Chausiku wetu jamani! Kafa na ulimi mdomoni! Masufuria yake ni ya kwangu! Mtani harithi shamba, mtani anarithi masufuria! Semeni yako mangapi niite kirikuu cha mizigo!"

Ukumbi mzima ukageuka. Dokta Upendo, ambaye amekulia Moshi, alitaka kwenda kumwinua. Nilimshika mkono. Mimi ni Mnyakyusa, jambo lile halikuwa langu kulisema, lakini nilikuwa nimekaa Dar miaka ya kutosha kulitambua.

Utani, wanangu, si mzaha wa kupoteza muda. Ni ruhusa. Mababu wa Wanyamwezi walishuka pwani na misafara, wakakaa na Wazaramo, wakazikana, na katika kuzikana huko wakapeana haki ya kusemana lolote. Kwenye msiba mtani anaweza kulala njiani asipishe jeneza mpaka apewe chake. Anasema lile ambalo ndugu akilisema ni laana na mgeni akilisema ni tusi. Sista Kabula alikuwa amevua uuguzi pamoja na viatu.

"We mpagazi," Mzee Kondo akasema, na mdomo wake ulikuwa umeanza kucheza, "kirikuu cha nini? Masufuria utayabeba kichwani kama babu zako."

"Nitayabeba! Lakini nishangae kwanza. Wazaramo tangu lini mnabania viwanja? Ikija ngoma ya mdundiko mnauza asubuhi, jioni hamkumbuki hata mpaka ulipita wapi. Leo ni dada yako wa kununuliwa ulimi, shamba limekuwa tamu?"

"Michembe ya viazi imekujaa kichwani wewe."

"Imejaa, na ina akili kuliko nazi zenu!"

Watu walicheka. Shabani alicheka huku machozi yanamtoka. Mzee Kondo alicheka mpaka akaegemea ukuta, akajifuta macho kwa kofia, na kicheko kilipomwishia akabaki amesimama, uso wazi, kama mtu aliyetua mzigo bila kukusudia. Sista Kabula hakuinuka. Alimwambia kwa sauti ndogo, palepale sakafuni:

"Kaka. Makaburi mawili unayo. Unataka la tatu, au unataka mtu wa kuyafagia?"

Mzee Kondo akaivaa kofia. Alimgeukia mpwa wake.

"Shabani, weka sahihi. Deni langu. Ndugu wakija, nitawajibu mie."

Sista Kabula alishavaa viatu na kushika machela.

Ndani ya chumba hakuna aliyekuwa akicheka. Ganzi kinenani, sindano, waya, mrija mkubwa, kisha mdogo ndani yake. Niliendesha mashine na kusoma vipimo. Waya ulipanda tumboni, kifuani, ukaingia shingoni kushoto, na kwenye kioo ukaonekana kama unywele unaojua unakokwenda. Bi Chausiku alikuwa macho. Sista Kabula alikuwa amesimama kichwani kwake, viganja viwili mashavuni, akimwambia asisogee, akimwita dada.

Dokta Upendo akafikisha mrija wa kunyonya mbele ya donge, akanyonya, akavuta. Tukapiga picha. Tawi lilikuwa bado limekatika.

Akarudi tena. Safari hii chembe mbili tatu nyeusi zilitoka, kama majani ya chai. Picha ikaonyesha kijitawi kimoja kimefunguka, shina lenyewe bado.

Nilichukua boksi la wavu rafuni. Nikasoma kwa sauti jina, kipimo, tarehe. Alikuwa tayari anarudi mara ya tatu na mrija, macho kwenye kioo.

"Fungua," akasema.

Nikaweka kidole kwenye mshono.

Neno la pili halikuja. Nikamtazama. Alikuwa amefumba macho. Kwenye chupa ya kunyonyea, damu iliyokuwa ikitiririka ilikuwa imesimama, hata tone. Mnajua maana yake: ama mrija umegusa ukuta, ama umelimeza donge mdomoni na haliwezi kupita. Kioo hakiwezi kukuambia ni lipi kati ya hayo.

"Subiri," akasema. "Limeshika."

Akaanza kuvuta. Polepole mno. Sijawahi kuona mtu akivuta kitu polepole namna ile akiwa na haraka namna ile. Mrija ulishuka shingoni, kifuani, ukatoka wote kinenani, na Dokta Upendo akausukumia maji juu ya kitambaa cheupe. Donge lilikuwa pale. Jekundu lililoiva, refu kama punje mbili za mchele zilizoshikana, na kijimkia.

Niseme hapa wazi ili kusiwe na wa kunielewa vibaya. Hakuacha wavu kwa sababu ya fedha ya watu. Damu isingerudi, angefungua huo na mwingine, na mimi ningechana bila kuuliza. Aliacha kwa sababu vidole vilimwambia, na vidole vilijua kwa sababu ya zile jioni na chupa ya jamu.

Tukapiga picha. Shina likajaa, matawi yakajaa, na vijitawi mpaka pembeni kabisa ya fuvu. Hakuna aliyekwenda mlangoni.

"Bi Chausiku," Dokta Upendo akamwita. "Nibane mkono."

Mkono wa kulia ulilala. Akamwita tena. Vidole viwili vikajikunja, kisha vitatu. Tukangoja. Midomo ilikuwa inafanya kazi, inatafuta, kama mtu anayepapasa swichi kwenye chumba asichokijua. Sista Kabula akainama mpaka sikio likagusa.

"Maji," Bi Chausiku akasema.

Lilikuwa neno zito, limekwaruza, lakini lilikuwa neno. Sista Kabula alinyooka, akatutazama wote, machozi yakamshuka chini ya barakoa, na akajibu kwa sauti yake ya kuvuka mto: "Sikupi!"

Alikuwa sahihi. Na hili nalo mlishike: mtu aliyetoka kwenye kiharusi hapewi hata kijiko cha maji kabla hajapimwa kama anaweza kumeza, maana maji hayo yataingia mapafuni. Ndugu wataleta chupa, wataleta uji, watakulaumu. Waache walaumu.

Sitawapamba. Bi Chausiku hakuamka akaimba. Kwa siku kadhaa maneno yalimjia nusu. Alitaka "kijiko" akasema "kikoi". Mkono ulirudi kwanza, ulimi ukafuata taratibu. Lakini jioni ya pili, Mzee Kondo na wale ndugu wa Kisarawe walipozunguka kitanda, alimtazama kila mmoja, akavuta pumzi, akamwambia kaka yake, kwa shida lakini mpaka mwisho: "Koti... hilo... unanuka."

Mzee Kondo akawageukia wenzake. "Ulimi umerudi," akasema. "Na tulikuwa tumeshaanza kuzoea amani."

Siku ya kutoka hospitali nilikuwa dirishani kwa mhasibu nikiwa na boksi mkononi, kwa sababu ni kazi ya mwenye vifaa kuthibitisha kilichotumika na kisichotumika. Gharama aliyodhamini Mzee Kondo ilijumuisha mrija na wavu. Mhasibu alilitazama ganda, halijachanwa, akaufuta wavu kwenye hesabu. Kilichobaki, ukoo ulichanga, ofisi ya ustawi wa jamii ikasaidia, na madalali wa Pugu waliambiwa wasipige simu tena.

Mzee Kondo alisimama pale akiisoma risiti kutoka juu mpaka chini, mara mbili. Nyuma yake Sista Kabula alikuwa anapita na trei ya dawa.

"Mzaramo," akaita bila kusimama, "shamba umebaki nalo, masufuria umenidhulumu. Mtani hatoki mikono mitupu."

Hospitali hairuhusu kupokea fedha ya ndugu, na mzee alilijua hilo kwa sababu limeandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Akatoka nje ya geti, akarudi na karanga za kukaanga, pakiti tano, akaziweka kwenye meza ya wauguzi mbele ya kila mtu.

"Kuleni na mpagazi wenu," akasema. "Mwambieni hii ndiyo mahari yake yote."

Tulizila zamu nzima. Bei ya wavu niliijua kwa moyo, bei ya karanga nilimuuliza. Wavu ambao haukufunguliwa uliwaokolea wenye shamba la Pugu shilingi milioni sita na laki mbili. Ukitoa karanga za elfu moja, milioni sita, laki moja na tisini na tisa elfu.